Gae la Mfinyanzi

Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Husemwa kwa kicheko chenye huzuni ndani yake: seremala hana kitanda, mshonaji kavaa viraka, na aliyewafinyangia wengine vyungu anakula katika kipande kilichovunjika. Nchini Burundi methali hiyo ingeweza kusomwa kama taarifa tu. Kwa vizazi vingi vyungu vya nchi hiyo vilikuwa kazi ya Watwa, kundi dogo la wananchi wake, na kwa vizazi hivyo hivyo Mtwa aliyefika uani kwa jirani yake alitengewa chakula pembeni, katika chombo ambacho hakuna mwingine angekigusa. Maharage yaliyokuwa yakitokota jikoni yalikuwa ndani ya chungu alichokifinyanga yeye.

Kazi yenyewe huanzia bondeni. Burundi ni nchi ya vilima, na katikati ya vilima hulala mabonde ya majimaji yenye udongo mzito unaonata. Mfinyanzi, mara nyingi mwanamke, huuchimba udongo huo, huubeba kichwani hadi nyumbani, huuchambua mizizi na vijiwe, kisha huukanda mpaka ulegee sawasawa. Gurudumu hana. Huviringisha udongo uwe kama kamba nene na kuizungusha juu ya kitako cha chungu, pindi juu ya pindi, mkono mmoja ukisukuma kutoka ndani na mwingine ukilainisha kwa nje. Kabla tope halijakauka, hubingirisha shingoni kikamba kilichosokotwa kwa nyasi, nacho huacha safu za alama ndogo ndogo zinazopendeza macho na kuzuia chungu kisiteleze mkononi. Baada ya siku kadhaa kivulini, vyungu hupangwa chini, hufunikwa kwa nyasi na kuni, na moto huwashwa hapo hapo uwanjani. Vingine hupasuka. Vinavyopona vina majina yake kwa Kirundi: inkono ni ya kupikia, ikibindi ni mtungi wa maji au pombe.

Katika nchi hizi za Maziwa Makuu, kabla fedha haijaenea vijijini, bei ya chungu mara nyingi ilikuwa ujazo wake: mnunuzi alikijaza maharage au mtama, mfinyanzi akamimina chakula kapuni mwake, akaacha chungu. Hesabu ilikuwa ya haki. Kilichofuata baada ya hesabu ndicho kilichokuwa na kasoro, kwa sababu muuzaji hakukaribishwa kukaa.

Desturi hiyo ina jina, na jina hilo humshtua kidogo msomaji wa Kiswahili. Ni kunena. Kwetu kunena ni kusema, na hata mtu akikataa kusema tunamhimiza anene. Katika Kirundi na Kinyarwanda neno hilo hilo lina maana ya kumkataa mtu kwa kinyaa: kutokula naye, kutokunywa naye, kutokaa naye mkeka mmoja. Mtwa alinenwa. Hakuoa nje ya Watwa wala hakuolewa. Mahali pengine hata pa kuteka maji palikuwa na mpangilio, wengine wakiteka juu na yeye chini yao.

Jambo hilo lilionekana waziwazi zaidi kwenye pombe kuliko kwenye chakula. Mrundi wa vilimani hunywa pombe ya mtama akiwa na wenzake: mtungi mmoja katikati, mirija kadhaa, watu wakiuzunguka na kuipokezana. Kwa mtungi huo mahari hukubaliwa, ugomvi wa mipaka humalizwa, mtoto hupewa jina, maiti huagwa. Aliye na haki ya kuvuta mrija ni mtu wa pale. Mtwa alikuwa akiletewa kinywaji chake katika chombo chake mwenyewe. Angeweza kuimba kwenye arusi hiyo, kucheza ngoma hadi usiku, kusifiwa na kutuzwa. Kwenye mtungi hakusogea. Na mtungi, kama vyungu vingine, ulitoka mikononi mwa watu wake.

Wahutu na Watutsi, makundi mengine mawili ya nchi, waliokuja kugombana kwa mengi na kumwaga damu, katika hili walikuwa kitu kimoja. Wao kwa wao walioana, walikula sahani moja, walipeana ng'ombe. Mtwa aliwekwa nje na wote wawili. Watu wa nje walipoyaandika mambo ya Burundi kama kisa cha makundi mawili yanayopambana, waliendeleza tabia ile ile bila kukusudia: kundi la tatu lilitajwa katika sentensi moja, pamoja na asilimia yake, takriban moja ya wananchi wote, kisha likaachwa.

Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi. Ilisemwa kwamba Mtwa hula nyama ya kondoo, nyama ambayo wengine waliihesabu kuwa mwiko. Nyama hiyo hiyo, mwendo mfupi tu kutoka vilimani, Mwislamu wa Buyenzi mjini Bujumbura aliipokea kwa bismillahi. Ilisemwa kwamba Mtwa ni mtu wa msituni, hana ng'ombe wala jembe. Na palikuwa na hadithi, mashuhuri zaidi upande wa Rwanda, ya ndugu watatu waliokabidhiwa na baba yao vyombo vya maziwa wavilinde usiku kucha. Gatutsi alikilinda chake hadi asubuhi, Gahutu akakimwaga, Gatwa akayanywa maziwa yote. Hadithi kama hiyo humfunza mtoto cheo chake kabla hajajua kuhesabu. Inastahili kuangaliwa kwamba hata humo Mtwa anahukumiwa kwa chombo na kilichomo.

Msitu wenyewe ulikuwa ukirudi nyuma. Watwa wanatajwa kuwa wenyeji wa kale kuliko wote katika nchi hizi, wawindaji na waokotaji wa vyakula vya porini. Kadiri wakulima na wafugaji walivyofyeka miti, ndivyo walivyozidi kubaki na kazi moja ambayo hawakunyang'anywa, nayo ni ufinyanzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kibira, msitu mkubwa wa milimani ulio kaskazini magharibi, ulipokuwa hifadhi ya taifa, mlango wa mwisho wa maisha ya zamani ukawa na askari wa wanyamapori.

Ikulu ya mwami, yaani mfalme, ilikuwa na njia yake ya kuwatumia. Kulikuwa na Watwa wachezaji, wanamuziki, wafinyanzi wa ikulu, na wengine walipewa kazi ambazo watu hawakutaka kuzifanya kwa mikono yao, ikiwemo ya kutekeleza adhabu ya kifo. Mtwa wa ikulu aliweza kupendwa na mfalme na kuogopwa na wakubwa. Hata hivyo ukaribu huo haukumfikisha mtungini.

Kisha wakaja Wazungu na kalamu zao. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19. Hans Meyer, yule yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alisafiri Burundi mwaka 1911 na kuchapisha kitabu kinene juu ya Warundi mwaka 1916, Watwa wakiwemo. Mwaka huo huo wa 1916 Wabelgiji waliiteka nchi. Chini yao wataalamu walipita Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, wakipima pua, urefu na vichwa, na Watwa walikuwa kivutio chao kikubwa. Mwaka 1954 msomi Jacques Maquet, akiandika juu ya Rwanda, aliyaita makundi haya matabaka ya kuzaliwa, kwa neno lile lile linalotumika kwa India. Wasomi wa baadaye walibishana naye sana kuhusu Wahutu na Watutsi, na walikuwa na hoja. Kwa Mtwa, aliyekatazwa sahani, ndoa na kisima kwa sababu tu ya tumbo lililomzaa, ni vigumu kupata neno jingine.

Picha za zama hizo zipo kwa wingi, nyingi zikihifadhiwa Ulaya. Kinachoonekana humo ni chungu, ngoma, na mtu amesimama kando ya Mzungu ili ufupi wake uonekane. Chini ya picha huandikwa kabila lake. Jina lake haliandikwi.

Vuguvugu la uhuru lilipoanza, mageuzi yalipata sura ya mwanamfalme. Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, alizaliwa mwaka 1932. Alianzisha ushirika wa wafanyabiashara, akawa kiongozi wa chama cha UPRONA, akashirikiana bega kwa bega na Waswahili wa Buyenzi ambao nao utawala uliwatazama kwa jicho la pembeni, na mwaka 1959 akamwoa Marie-Rose Ntamikevyo, msichana wa Kihutu. Katika uchaguzi wa Septemba 1961 chama chake kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo alipigwa risasi akiwa katika mgahawa wa Tanganyika, kando ya ziwa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Siasa aliyoiacha ilihusu Waganwa (watu wa ukoo wa kifalme), Watutsi na Wahutu, na namna ya kuwaunganisha. Burundi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na Mtwa akaingia katika dola mpya akiwa mara nyingi hana hata mita moja ya ardhi iliyoandikwa kwa jina lake.

Ardhi ndiyo iliyokuwa kitanzi cha pili. Utaratibu wake uliitwa ubugererwa. Asiye na shamba, mgererwa, alimwendea mwenye ardhi, shebuja, akapewa sehemu ya kujenga na kulima. Alilipa kwa kazi, kwa sehemu ya mavuno, kwa mitungi ya pombe. Shebuja akikasirika, akifa na watoto wake wakabadili nia, au akitaka tu shamba lake, familia nzima ilifunga virago. Waliokuwa wagererwa walikuwa Wahutu wengi pia, lakini Mhutu aliweza kuwa na ukoo wenye ardhi mahali pengine, au kuoa, au kununua. Mtwa alizaliwa ndani ya deni. Mtoto wake akairithi kazi ya shambani kwa shebuja kama wengine wanavyorithi ng'ombe.

Mwezi Novemba 1976 Kanali Jean-Baptiste Bagaza alichukua madaraka, na mwaka uliofuata serikali yake ikaufuta ubugererwa kwa amri yenye nguvu ya sheria. Kwenye karatasi, utumwa wa ardhi ulikwisha. Kwa wagererwa wengi amri ile ilikuwa ukombozi wa kweli, kwani walibaki na mashamba waliyokuwa wakiyalima. Mtwa ilimbidi kwanza ajue kwamba amri ipo. Ilimbidi aende ofisini, awe na mashahidi, na mashahidi hao wawe majirani ambao hawakutaka kunywa naye. Sheria ilibadilika Bujumbura. Mpaka wa shamba uliendelea kuamuliwa kilimani.

Wakati huo huo riziki ya zamani ilikuwa ikivunjika. Sufuria za alumini zilijaa sokoni, ndoo na madumu ya plastiki yakachukua nafasi ya mtungi wa maji. Mabonde ya majimaji yalianza kulimwa mpunga, na aliyepewa kipande cha bonde alimwona mchimba udongo kuwa mwizi. Mfinyanzi akalazimika kununua tope ambalo bibi yake alilichota bure. Bujumbura ilibadilisha hata namna ya kunywa. Kiwanda cha bia cha Brarudi kilianzishwa mwaka 1955, na katika baa za mitaa ya Bwiza na Nyakabiga kila mtu hukaa na chupa yake ya Primus. Chupa haina mirija ya kupokezana, kwa hiyo mtihani wa zamani hauonekani tena kirahisi. Ukitaka kuuona, toka mjini siku ya Jumamosi yenye arusi.

Mwezi Oktoba 1993 rais aliyechaguliwa na wananchi, Melchior Ndadaye, aliuawa, na vita vikafuata kwa zaidi ya miaka kumi. Watwa waliuawa pia, wakishukiwa na upande huu kuwa wa upande ule, na wengi wakakimbilia kando za miji na makambini. Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000 kwa usimamizi wa Nelson Mandela, aliyeipokea kazi hiyo baada ya kifo cha Mwalimu Nyerere, uliwataja Watwa kwa jina, kama kundi lililoachwa nyuma ambalo lazima liinuliwe. Katiba ya mwaka 2005 ikageuza maneno hayo kuwa viti: wabunge watatu na maseneta watatu wa Kitwa. Serikalini na bungeni uwiano uliwekwa wa asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi. Ukijumlisha, unapata 100 kamili. Viti vya Watwa vilikuja juu ya hesabu hiyo, kama kiti kinacholetwa wageni wakiwa wameshakaa.

Wapo waliokikalia kiti hicho na kukifanyia kazi. Libérate Nicayenzi, mwanamke wa Kitwa, alikuwa bungeni na wakati huo huo akaongoza UNIPROBA, shirika ambalo jina lake la Kifaransa ni mwito wa kuungana kwa maendeleo ya Batwa. Vital Bambanze, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Burundi, alikuwa miongoni mwa waasisi wa shirika hilo, akawa seneta. Kazi yao haikuwa na mandhari ya kuvutia. Ilikuwa ya vyeti vya kuzaliwa, kwa maana mtoto asiye na cheti hapati kiti darasani hata kama elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwaka 2005. Ilikuwa ya kuandikisha ndoa, ili mjane asifukuzwe. Ilikuwa ya kwenda kwa mkuu wa wilaya mara tano kwa ajili ya shamba moja.

Mwaka 2007, Umoja wa Mataifa ulipopigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili, Burundi ilikuwa kati ya nchi 11 zisizosema ndiyo wala hapana. Kenya nayo ilikuwemo. Miaka minne baadaye, mjini Geneva, jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa linaloshughulikia haki hizo hizo liliongozwa na Bambanze. Na Juni 2020 Rais Évariste Ndayishimiye alimteua Imelde Sabushimike kuwa waziri wa mshikamano wa kitaifa na haki za binadamu, mwanamke wa kwanza wa Kitwa kuongoza wizara. Katiba haikumlazimisha rais: viti vya Watwa vimetajwa katika Bunge na Seneti, katika baraza la mawaziri havimo.

Wasomaji wa historia ya India watayakumbuka maji mengine yaliyokatazwa. Tarehe 20 Machi 1927, katika mji wa Mahad, Bhimrao Ambedkar aliongoza maelfu ya watu wa tabaka lisiloguswa hadi kwenye bwawa la Chavdar, akainama, akanywa. Maji hayo yalikuwa ya umma na baraza la mji lilikuwa limeshaamua kwamba yeyote anaweza kuyateka. Ng'ombe walikuwa wakinywa hapo. Watu wa tabaka lake walikuwa hawathubutu. Baada ya tendo hilo walipigwa, na wenye tabaka la juu wakalitakasa bwawa kwa ibada. Ambedkar alikuja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, na kifungu chake cha 17 kikafuta hali ya kutoguswa. Mwaka 2000 ilitoka filamu ndefu ya maisha yake, iliyoongozwa na Jabbar Patel, mwigizaji Mammootty akiwa Ambedkar mwenyewe. Mwongozaji alikuwa na bahati ya utajiri: Ambedkar aliacha vitabu, hotuba, barua, picha, na tarehe kamili ya siku aliyokunywa maji.

Burundi nayo ina wapiga filamu. Léonce Ngabo alitoa Gito l'ingrat mwaka 1992, na mwaka 2009 Bujumbura ilipata tamasha lake la sinema, FESTICAB. Mwaka 2012 Justine Bitagoye na Pascal Capitolin walitoa filamu ya hali halisi juu ya Rwagasore. Huyo naye ni mwanamageuzi anayepigika picha: kuna sura yake ya ujana kwenye magazeti ya zamani, kuna kaburi lake juu ya kilima linaloutazama mji na ziwa, kuna wazee waliosikia hotuba zake, kuna kesi ya mauaji yenye majalada.

Atakayetaka kumpiga picha mwanamageuzi wa Kitwa atakuta kabati la aina nyingine. Akifungua picha za kikoloni atapata ngoma na vyungu, watu wasio na majina. Akienda kijijini na kamera, wenyeji wenyewe, waliozoea wageni wa aina hiyo, watamuuliza kama waanze kupiga ngoma au kufinyanga. Ni picha nzuri. Ndizo zilizouzwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Nicayenzi akiwa amekaa na fomu za ardhi mbele yake hatoi picha nzuri. Mjumbe anayesimama Kigobe, mjini Bujumbura, ambako Bunge hukutana, na kuomba dakika tatu juu ya mashamba, hatoi picha nzuri. Mpiga filamu mwenye subira angeacha kamera iwake hadi mkutano uishe, vinywaji vianze kugawiwa, aone nani anamimina, nani anapokea, na glasi ipi inarudi kwenye meza ya wote.

Huko Rwanda serikali iliondoa majina ya makabila katika maisha rasmi baada ya 1994, na Watwa wakaitwa walioachwa nyuma na historia. Huko Uganda, Watwa waliotolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991 walipata ushindi katika Mahakama ya Katiba mwezi Agosti 2021. Kila nchi imechagua mlango wake. Burundi ilichagua kuwataja na kuwahesabu, na kwa hesabu hiyo kuna kumbukumbu moja ambayo inafaa kuwa mwanzo wa filamu.

Kati ya Agosti 2006 na Januari 2008 UNIPROBA ilifanya uchunguzi wa hali ya ardhi ya Watwa nchi nzima, kilima kwa kilima. Iliandika kaya 20,155, zenye watu 78,071. Kaya 2,959 hazikuwa na ardhi kabisa. Kati ya hizo, 1,506 ziliishi kwenye ardhi ya kuazimwa, na 1,453 zilikuwa bado chini ya ubugererwa, karibu miaka 30 baada ya amri ya kuufuta. Waliokuwa na ardhi walikuwa na wastani wa mita za mraba 200: kiwanja cha hatua 14 kwa hatua 14, nyumba ikiwa ndani, na jiko, na bustani ya nyuma, na mahali pa kuchomea vyungu.

Karani aliyefika kwenye kiwanja kama hicho alikuwa na kazi rahisi kueleza. Alisimama mlangoni na daftari, akauliza jina la mwenye nyumba. Akauliza watoto ni wangapi. Akauliza ardhi hii ni ya nani. Kisha akaandika, mstari kwa mstari, mara elfu ishirini na mia moja hamsini na tano.